Kudijiti Santuri kwa Malipo: Maana ya Kazi Hii

Kudijiti santuri ni kuipiga santuri kwa sindano, kuipokea sauti yake ikiwa mkondo wa umeme, kisha kuugeuza mkondo huo kuwa tarakimu zinazohifadhiwa kwenye faili ya kompyuta. Mtu anapoifanya kazi hiyo kwa malipo, pembeni ya ajira yake, wengi hudhani kwamba anauza faili. Kwa hakika anauza muda wake na usikivu wa masikio yake, na asiyelielewa hilo mapema hupanga bei isiyolipa jasho lake.

Kila upande wa santuri una mfuo mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Mawimbi ya sauti yamechongwa katika kuta za mfuo huo, na katika santuri za stirio, zenye sauti ya kushoto na ya kulia, kila ukuta hubeba chaneli yake, yaani upande mmoja wa sauti hiyo. Kifaa cha kudijiti huupima mkondo unaotoka kwenye sindano mara nyingi mno: kwa kiwango cha CD, mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 au 1. Mimi napendelea kurekodi kwa biti 24, kwa sababu nafasi ya ziada humwezesha mtu kuacha sauti chini kidogo bila kuipoteza, ilhali sauti iliyozidi kikomo wakati wa kurekodi hukatika vichwa vyake vya mawimbi na hairekebishiki vizuri.

Kuna jambo ambalo wanaoanza hulikosea zaidi kuliko yote. Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, ili mifuo isipanuke kupita kiasi na mchakacho wa sindano ufifie. Kwa hiyo lazima pawepo priamplifaya ya santuri, ambayo huirudisha besi mahali pake na kuzishusha sauti za juu. Anayeunganisha mashine ya kupigia santuri isiyo na kifaa hicho moja kwa moja na kompyuta hupata sauti nyembamba na hafifu, akailaumu santuri bure. Vipimo vya kupunguza besi na kuongeza sauti za juu vilianza kusanifishwa miaka ya 1950. Santuri za zamani zaidi zilifuata vipimo mbalimbali vya kampuni zilizozitoa, na hapo sikio lililozoea lina kazi kubwa.

Santuri hizo kongwe, za mizunguko 78 kwa dakika, zina mifuo mipana, na sindano ya LP, yaani santuri za baadaye zenye mfuo mwembamba, huzama chini kabisa ya mfuo na kuokota uchafu badala ya muziki, hivyo zinahitaji sindano yake maalumu. Nyingi zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotokana na wadudu, ambao huyeyuka kwa spiriti. Kuisafisha santuri ya namna hiyo kwa dawa yenye spiriti ni kuiharibu mali ya mteja, pengine nakala ya pekee iliyobaki katika ukoo wake.

Rekodi ya dakika 40 huchukua dakika 40 kuihamisha, wala hakuna njia ya mkato, kwani sindano haiwezi kuharakishwa bila kuathiri sauti. Ongeza kusafisha, kugawa nyimbo, kuandika majina yake na kuondoa milio ya mikwaruzo. Programu za kuondoa mikwaruzo zikitumiwa kwa pupa humeza pia mlio wa matoazi na pumzi ya mwimbaji, kwa hiyo ni busara kumkabidhi mteja nakala ghafi pamoja na iliyosafishwa. Nakala ya kuhifadhi iwe ya WAV, aina ya faili ya sauti isiyobanwa, ambayo kwa kiwango cha CD hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, au FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kupoteza chochote. MP3 hutupa sehemu ya sauti na inafaa kusikilizwa kwenye simu tu.

Mwisho kuna suala la hakimiliki. Kuimiliki santuri si kuumiliki muziki uliomo: utunzi una mwenyewe, na rekodi ina mwenyewe, mara nyingi watu tofauti. Nchi kadhaa humruhusu mtu kujinakilia santuri yake kwa matumizi binafsi, lakini ruhusa hiyo haimfikii moja kwa moja anayenakili kwa malipo. Mtoa huduma asome sheria ya nchi yake kabla ya kupokea santuri ya kwanza, asibaki na nakala za wateja, na asimuuzie mtu mwingine faili iliyotokana na santuri ya mteja.