Lied: Shairi Linapokabidhiwa Sauti Moja na Piano

Kwa Kijerumani, neno Lied (hutamkwa "liit", na wingi wake ni Lieder) lina maana ya wimbo, uwe wimbo wowote ule. Wanamuziki, hata hivyo, hulitumia kwa maana finyu zaidi: shairi fupi la hisia, ambalo mshairi aliliandika lisomwe, na ambalo mtunzi wa muziki alikuja kulitilia lahani kwa ajili ya mwimbaji mmoja na mpiga piano mmoja. Kwaya haimo, okestra haimo, wala hakuna mavazi ya kuigizia.

Ufafanuzi huo ni sahihi lakini haujafika kwenye kiini, kwa sababu anayeusoma anaweza kudhani kwamba piano imewekwa pale kumshikilia mwimbaji asipotee kwenye sauti, kama kinanda kinavyowashikilia waumini kanisani. Katika Lied iliyotungwa vizuri, piano huwa na usemi wake yenyewe. Hueleza yale ambayo mshairi ameyaacha bila kuyataja, na mara nyingine huyajua mambo kabla mwimbaji hajayatamka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni "Gretchen am Spinnrade", wimbo ambao Franz Schubert wa Vienna aliutunga tarehe 19 Oktoba 1814, akiwa na umri wa miaka 17. Maneno yake yametoka katika tamthilia ya "Faust" ya Goethe, mshairi wa Kijerumani: msichana amekaa peke yake akisokota uzi huku akimwaza mwanamume aliyemvuruga moyo. Ukiyasoma maneno anayoyasema Gretchen, hutaona popote gurudumu la kusokotea likitajwa. Limo katika maelezo ya jukwaani tu. Schubert amelitia gurudumu hilo katika piano. Mkono wa kulia unazunguka bila kupumzika kwa noti nyepesi za haraka, na chini yake mkono wa kushoto unagonga kama mguu unaobonyeza kanyagio. Gretchen anaanza kwa kusema kwamba utulivu wake umekwisha na moyo wake ni mzito, kisha anautaja mwendo wa mpenzi wake, tabasamu lake, macho yake, mkono wake, na kadiri anavyoendelea ndivyo muziki unavyopanda. Anapofika kwenye busu, gurudumu linasimama. Goethe hakuandika kwamba lilisimama. Ni piano inayotuambia kwamba msichana amesahau kazi iliyo mikononi mwake, na baada ya kimya kifupi tunalisikia gurudumu likijaribu kuanza tena, likikwama, likijaribu tena, hadi linaposhika mwendo wake. Mwishoni Schubert amerudisha mistari miwili ya mwanzo, jambo ambalo halimo katika shairi lenyewe, na kwa hiyo tunamwacha Gretchen palepale alipoanzia.

Si kila Lied imejengwa namna hiyo. Nyingine hutumia lahani moja kwa beti zote, kama vile utenzi unavyoghaniwa kwa mahadhi yaleyale tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. "Heidenröslein" ya Schubert huyohuyo, yenye beti tatu na kibwagizo, ni ya aina hii. Nyingine hutungiwa muziki mpya hatua kwa hatua kufuata kisa, kama "Erlkönig" ya mwaka 1815, ambamo mwimbaji mmoja anabeba sauti nne: msimulizi, baba, mtoto mgonjwa, na jini linalomshawishi mtoto huyo. Goethe mwenyewe alipendelea njia ya kwanza, kwa kuwa aliamini kwamba muziki haupaswi kulifunika shairi. Mwaka 1816 rafiki wa Schubert alimpelekea Goethe nyimbo ambazo Schubert alikuwa ameyatungia mashairi ya Goethe huyo, nazo zikarudishwa bila neno lolote. Hofu ya mshairi naielewa, ila nikiusikiliza wimbo wa Gretchen siwezi kukubali kwamba shairi lake limepoteza kitu.

Sanaa hii isingewezekana bila piano yenyewe, ala ambayo, tofauti na vinanda vilivyoitangulia, iliweza kunong'ona na kunguruma kwa nguvu za vidole tu, na ambayo mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa imeingia sebuleni mwa familia nyingi za tabaka la kati. Humo ndimo Schubert na rafiki zake walimokutana jioni kuimba. Alifariki mwaka 1828 akiwa na miaka 31, akaacha nyimbo zaidi ya 600.

Baada yake mtunzi wa Kijerumani Robert Schumann, ambaye alitunga nyimbo zaidi ya 100 katika mwaka 1840 pekee, aliipa piano nafasi kubwa zaidi. Wimbo wa kwanza wa "Dichterliebe", mfululizo wa mashairi 16 ya Heinrich Heine, unahusu mapenzi yanayochipua mwezi Mei, lakini piano inamalizia kwa sauti inayoning'inia, isiyotua mahali pake. Maneno yanasema kijana ameungama hamu yake. Piano inatuacha na swali kama alijibiwa.

Mfululizo wa Schubert wa mwaka 1827, "Winterreise" (yaani safari ya majira ya baridi), wenye mashairi 24 ya Wilhelm Müller, unaishia kwa mzee asiye na viatu aliyesimama kwenye barafu nje ya kijiji, akizungusha mpini wa ala yake ya nyuzi, sahani yake ikiwa haina hata senti. Mkono wa kushoto wa piano unashikilia sauti mbili zilezile tangu mwanzo hadi mwisho, kama ala hiyo inavyovuma, na mwimbaji anaingia pale tu mahadhi ya mkono wa kulia yanaponyamaza. Katika mistari ya mwisho msafiri anamuuliza mzee kama waandamane, na kama atakubali kuzipigia nyimbo zake ala hiyo. Mzee hajibu kwa neno. Piano inarudia mahadhi yake, inapaza sauti mara moja, kisha inafifia.