Orlando: Toka Getini Ukale

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za Orlando, jimbo la Florida huko Marekani, na wengi wao ni familia za Kitanzania na Kikenya. Kuna wanaotoka nyumbani moja kwa moja, na kuna wanaoishi Texas, Minnesota au Maryland ambao mwaka huu wameamua watoto wakazione bustani za burudani za Disney. Tiketi, hoteli na gari la kukodi tunayamaliza mapema. Swali linalonifuata mpaka usiku, kwa kawaida kuanzia siku ya pili, ni hili: "Dada, tule wapi? Watoto wenyewe wameanza kuchoka na baga na vibanzi."

Nianze na namna ninavyotafuta, majina yatafuata. Mgahawa ulio karibu na geti la Disney unaishi kwa mpita njia. Leo ameingia mtu wa Ohio, kesho wa Brazili, wiki ijayo wote wamepanda ndege. Mpishi akizidisha chumvi hakuna atakayemkosa Jumamosi ijayo, maana hata chumvi ingekuwa sawasawa wasingerudi. Mgahawa wa mtaani hauna anasa hiyo. Wateja wake ni manesi, mafundi, madereva, watu wa kanisa moja, na wakikacha mwezi mmoja tu mlango unafungwa. Kwa hiyo sihangaiki kutafuta mgahawa mzuri. Natafuta mteja anayerudi, halafu namfuata anakokwenda.

Na Orlando wateja hao ni rahisi kuwaona, kwa sababu ndio wanaokuhudumia mchana kutwa. Tazama beji kifuani mwa mfanyakazi wa Disney: kwa kawaida ina jina lake na chini yake mahali anakotoka. Ukiona Ponce au San Juan, umepata mtaalamu wa chakula cha Puerto Rico bila kulipa senti. Ila usimuulize "wapi kuna chakula kizuri?", maana atakuelekeza kwenye mgahawa wa mwajiri wake, ndivyo alivyofundishwa. Muulize jana alipotoka zamu alikula wapi. Au muulize Jumapili mama yake akigoma kupika, familia inakwenda kula wapi. Uso hubadilika hapohapo, na jina la mtaa linatoka.

Ujue kwanza ulipo. Walt Disney World ilifunguliwa Oktoba 1971, na eneo lake ni takriban kilomita za mraba 100. Kutoka baadhi ya hoteli za ndani mpaka barabara ya umma ni mwendo wa gari, si wa miguu. Mabasi ya bure ya Disney yanakupeleka kwenye bustani zao na kwenye maduka ya Disney Springs, basi. Huko mjini hayafiki. Ukitaka kula nje unahitaji gari la kukodi, au Uber, au Lyft. Mabasi ya umma ya LYNX yapo, lakini kwa familia yenye watoto na njaa simshauri mtu.

Ukitoka getini unakutana na mzunguko wa kwanza: barabara ya US 192 upande wa Kissimmee, International Drive, na mahoteli ya Lake Buena Vista. Taa nyingi, bufee za "kula mpaka ushibe", mabango ya kamba na nyama choma kila mita mia. Wengi huishia hapo, halafu wanasema Orlando haina chakula. Wewe pita tu. Ongeza dakika 15 au 20 za kuendesha, na hesabu inabadilika kabisa.

Upande wa kusini mashariki, ndani zaidi ya Kissimmee na mtaa wa Buenaventura Lakes, ndiko waliko Wapuertoriko. Wapo kwa wingi tangu miaka mingi, na waliongezeka tena baada ya kimbunga Maria kuipiga Puerto Rico mwaka 2017. Huku ndiko ninakowapeleka wateja wangu wa Pwani kwanza, kwa sababu ulimi wao haupotei. Mikahawa mingi ni ya kaunta: trei za chakula cha moto nyuma ya kioo, mama mwenye kijiko kikubwa anakuuliza kwa Kihispania unataka nini, wewe unaonyesha kwa kidole. Utaona wali wa rangi ya machungwa wenye mbaazi, na ni mbaazi zilezile unazozijua, sema hazikuungwa kwa nazi. Pembeni kuna ndizi mzuzu mbichi zilizokatwa, zikakaangwa, zikapondwa bapa, zikarudishwa tena kwenye mafuta. Saa tisa alasiri ukikaa pale utawaona wanaingia na sare za hoteli na za bustani za burudani, beji bado kifuani, kila mtu na agizo lake kichwani wala haangalii menyu.

Agiza mofongo. Mzuzu mbichi unakaangwa vipande vinene, halafu ukiwa bado wa moto unatwangwa kwenye kinu kidogo cha mbao pamoja na kitunguu saumu na mafuta. Unafinyangwa kama kilima na kujazwa kuku, kamba au nyama, na mchuzi unaletwa kando. Ukitwangwa sawasawa, nje unashika na ndani unalainika. Ukikaa muda mrefu kabla ya kuliwa unakauka na kukaba koo. Kwa hiyo sikiliza: kama jikoni kuna mlio wa mchi, umefika. Kama mofongo unaletwa dakika mbili baada ya kuagiza, ulikuwa unakusubiri wewe.

Kwa Waislamu, hapa lazima nikanye. Mofongo wa asili hutwangwa na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, na wali wa mbaazi na maharage mara nyingi huungwa kwa vipande vya nguruwe hata pale ambapo huvioni. Kuuliza "mna kuku?" hakutoshi. Uliza wali na maharage yamepikwa na nini. Mikahawa ya Kihindi, Kipakistani na Kiarabu yenye nyama halali ipo, hasa kandokando ya Orange Blossom Trail na hata ile International Drive niliyokwambia upite, na Wahabeshi nao wana mikahawa yao upande huo wa International Drive, yenye injera, ule mkate wao mpana, wa kula wote sinia moja. Hata huko uliza. Mmoja ananunua nyama halali na jirani yake hanunui. Jambo moja linalonisaidia: baada ya sala ya Ijumaa, waulize watu wa msikitini. Jibu lao halina tangazo ndani yake.

Kaskazini mashariki, katikati ya jiji la Orlando, kuna mtaa unaitwa Mills 50, kwa sababu Mills Avenue inakutana pale na barabara ya jimbo namba 50, yaani Colonial Drive. Wavietnam walioikimbia nchi yao baada ya vita kuisha mwaka 1975 walifungua maduka hapo, na mpaka leo ni mahali pa supu ya tambi ya pho na mkate wa bánh mì. Pho ni chakula cha kumpa mtu aliyetembea tangu asubuhi: mchuzi wa mifupa uliochemka kwa saa nyingi, wenye mdalasini na nyota ya anisi, ndimu na majani mabichi pembeni. Usianze kumwaga sosi kabla ya kuonja mchuzi. Hapo ndipo unapojua kama mifupa ilikaa motoni au ni unga wa kopo. Mwongozo wa Michelin, unaopima migahawa, ulipoingia Florida mwaka 2022 ulianza na Miami, Orlando na Tampa, na miongoni mwa waliowahi kupata Bib Gourmand, ile alama ya chakula kizuri kwa bei ya kawaida, wamo Z Asian ya Colonial Drive na Domu ya tambi za Kijapani, iliyofunguliwa East End Market, mwendo mfupi kutoka hapo. Nyota zenyewe za Michelin sizipangii familia yenye watoto watano. Bei zake utazisoma ukiwa umekaa.

Kikwazo cha Mills 50 ni barabara ya I-4. Kilometa ni thelathini na kitu tu kutoka Disney, lakini jioni foleni yake inaweza kukula saa nzima. Watu wangu nawapeleka huko mchana wa siku wasiyo na tiketi ya bustani, au Jumapili. Siku ya kawaida jioni, shika Apopka-Vineland Road kuelekea kaskazini mpaka Sand Lake Road, mtaa wa Dr. Phillips. Wenyeji huiita Restaurant Row, na ni safu kweli: Wahindi, Waitaliano, Wajapani, Waarabu, bega kwa bega. Bei ziko juu kidogo, kwani ni mtaa wa wenye nazo, lakini wateja ni wakazi na jikoni zinajua hivyo.

Magharibi mwa jiji la Orlando, kuna mji mdogo wa Winter Garden. Unafika kwa barabara ya kulipia namba 429, unaegesha, unatembea Plant Street kwa miguu. Jumamosi asubuhi kuna soko la wakulima. Kampuni za magari ya kukodi hupenda kuongeza ada yao juu ya tozo ya barabara, kwa hiyo uliza utaratibu wao kabla hujachukua funguo.

Sasa simu. Ramani ya Google ni nzuri, lakini nyota 4.6 karibu na geti na nyota 4.3 ndani ya Kissimmee si kitu kimoja. Karibu na geti mtu anaandika akiwa likizoni, ana furaha, mhudumu amemwomba kwa tabasamu amwandikie. Mtaani anayeandika ni mtu aliyekula pale mara nyingi na amekasirika kwamba mchele wa Jumanne haukuiva. Panga maoni kwa mapya kwanza, tafuta yanayosema "tumerudi tena", na angalia picha za wateja, siyo za mwenye mgahawa. Menyu yenye piza, sushi, taco na tambi kwa pamoja inakwambia kwamba jokofu ndilo mpishi mkuu.

Kingine ambacho wageni wachache wanakijua: jimbo la Florida linaweka wazi ripoti za ukaguzi wa migahawa. Idara inayoitwa Department of Business and Professional Regulation inazitoa kwenye tovuti yake, bure, kwa jina la mgahawa. Usiogope kila kosa. Hata jikoni safi huandikiwa taulo lisilokaa mahali pake. Angalia kama makosa ya hatari yanajirudia ukaguzi hadi ukaguzi, na kama mgahawa uliwahi kufungwa kwa dharura.

Bili. Bei ya menyu si bei utakayolipa. Kaunti ya Orange, ulipo mji wa Orlando, inaongeza kodi ya mauzo asilimia 6.5, ukivuka kuingia Osceola, iliko Kissimmee, ni 7.5. Halafu bakshishi, ambayo kwa Marekani si hiari kama kwetu: asilimia 18 hadi 20 mahali unapohudumiwa mezani. Sahani ya dola 20 Orlando inakuwa dola 21.30 na kodi, kisha dola 4 za mhudumu, jumla 25.30. Migahawa mingi ya maeneo ya watalii huiweka bakshishi ndani ya bili tayari. Sheria ya Florida inawataka waseme hivyo kwenye menyu na kwenye bili, ila hawataiandika kwa herufi kubwa. Tafuta neno "gratuity" au "service charge" kabla hujajaza ule mstari mtupu wa chini, la sivyo unalipa mara mbili. Kwenye mikahawa ya kaunta, dola moja mbili kwenye kopo zinatosha.

Saa nazo ni mtego kwa watu wetu tuliozoea kula saa tatu usiku. Migahawa mingi ya familia huzima majiko saa tatu, na mingi hufunga Jumatatu kabisa. Kula saa kumi na moja jioni, kabla ya wenyeji kutoka kazini, kisha rudi bustanini ukaone fataki: kuingia tena siku hiyohiyo kunaruhusiwa, na ada ya kuegesha uliyolipa asubuhi inakubalika hadi usiku. Ukitumia Uber, usiombe gari dakika ile fataki zinapoisha, kwani bei hupaa pamoja nazo.

Kwa mchana, beba chakula chako. Disney inaruhusu kuingia nacho, ilimradi hakuna chupa za kioo wala pombe. Wateja wangu hupitia Publix, duka kubwa la vyakula lililoenea Florida nzima, wanakatiwa mkate mrefu wenye kuku, wananunua matunda na maji, na pesa ya mchana inahamia kwenye chakula cha jioni.

Na ukirudi hotelini ukakuta karatasi ya piza imesukumwa chini ya mlango, usipige ile namba. Mjini hapa hiyo ni njia ya zamani ya kuiba namba za kadi: anapokea mtu mchangamfu, anaandika kadi yako, piza haiji. Shuka mapokezi, umuulize aliyeko zamu anaagiza wapi yeye.