Zana zipi za mtandao ziingie kwenye Linux tangu mwanzo?

Andika ifconfig, amri ya zamani ya kuonyesha na kupanga anwani za mtandao, kwenye Debian (mojawapo ya mifumo ya Linux) uliyoisakinisha leo, utaambiwa amri haipo. Ndivyo ilivyo tangu Debian 9 ya mwaka 2017. Watu bado wananiuliza kwa nini, na wengine huuliza kwa uchungu, maana ndiyo amri waliyofundishwa chuoni. Mimi nauunga mkono moja kwa moja uamuzi ule wa kuiondoa kwenye usakinishaji wa kawaida.

Kanuni za Debian zinasema kifurushi ni muhimu ikiwa mtu mzoefu wa Unix atashangaa kukikosa. Kwa kipimo hicho ifconfig ilistahili kubaki, kwani walioshangaa walikuwa wengi. Lakini kwa zana za mtandao, mazoea hayatoshi kuwa kipimo. Mimi hujiuliza hivi: mtandao ukikatika, nitahitaji nini ili urudi? Zana hiyo lazima iwemo tangu mwanzo, kwa sababu apt, amri ya Debian ya kusakinisha programu, haiwezi kukuletea kifurushi kupitia mtandao ambao haupo. Nmap, iperf3 na mtr, zana za kuchunguza na kupima mtandao, nazitumia sana, ila zinaweza kusubiri. Tcpdump, inayonasa pakiti za data zinazopita kwenye mtandao, ndiyo inayonipa shida kuiamua, kwani zipo hitilafu za DHCP (utaratibu wa kugawa anwani) ambazo huwezi kuzielewa bila kuzitazama pakiti zenyewe. Kwenye seva ningeiweka. Kwenye kompyuta ya nyumbani, hapana.

Sasa, kwa nini ip, amri mpya ya kazi ile ile, iwemo na ifconfig iachwe? Nafasi kwenye diski si hoja, kwani net-tools, kifurushi chenye ifconfig, yote ni ndogo sana. Hoja ni ukweli wa majibu. Ipe kadi yako anwani ya pili:

ip addr add 192.168.1.50/24 dev eth0

Ukiuliza kwa ip addr, anwani zote mbili zinaonekana. Ukiuliza kwa ifconfig, unaiona ya kwanza tu. Ile ya pili ipo, tena inajibu ping, lakini ifconfig haina habari nayo. Inazungumza na kerneli (kiini cha Linux) kwa ioctl, njia ya zamani ambayo kwa kila jina la kadi hurudisha anwani moja. Ip, iliyoanzishwa na Alexey Kuznetsov, hutumia netlink, njia mpya zaidi, na huko kerneli hueleza kila ilichonacho. Fundi anayetafuta anwani mbili zinazogongana saa nane usiku hapaswi kupewa chombo kinachomficha nusu ya jibu. Netstat, amri ya zamani ya kuonyesha miunganisho, nayo ina mrithi wake, ss, ambayo huja ndani ya iproute2, kifurushi kile kile chenye ip.

Anayetaka ifconfig kwa ajili ya skripti zake za zamani anaruhusiwa: apt install net-tools, basi.

Kipimo changu kinabana zaidi kwenye laptop isiyo na tundu la kebo. Hapo hata ip haikusaidii kitu kama kadi ya Wi-Fi haina femuwea yake, yaani programu inayoiendesha kadi yenyewe. Kwa miaka mingi diski rasmi za Debian ziliiacha femuwea isiyo huru, kwa sababu ya msimamo wa kusambaza programu huru tu, msimamo ninaouheshimu. Matokeo yake, mgeni alitakiwa kupakua faili kutoka mtandaoni ili aweze kuingia mtandaoni. Wanachama wa Debian walipiga kura mwaka 2022, na Debian 12 ya mwaka 2023 ikatoka ikiwa na femuwea ndani. Kwangu, uamuzi huo una uzito kuliko suala zima la ifconfig.

Kwenye kontena, yaani mazingira madogo yanayoendeshwa ndani ya mashine nyingine, mambo yanageuka. Taswira ya Debian ya Docker (programu ya kuendesha kontena) haina ip wala ping, na ni sawa, kwani mtandao wake unasimamiwa na mashine mwenyeji.

Kama umekwama na kadi isiyotambulika, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti. Mara nyingi kerneli huitambua kama kadi ya kebo, hivyo bando la simu linatosha kuvuta kifurushi kinachokosekana. Hakikisha kwanza kwa ip link kwamba kiolesura kipya kimetokea.