Je, wajua? Vitabu vya Agano Jipya havikuchaguliwa Nikea. Sasa nani alivichagua?

Kama umewahi kusimama kwenye mhadhara wa dini uwanjani, Dar au Mombasa, au upo kwenye grupu la WhatsApp ambalo Wakristo na Waislamu wanajibizana, hii lazima umeisikia: mwaka 325 Mfalme Konstantino wa Roma aliwaita maaskofu Nikea, zikaletwa injili kibao, wakapiga kura, zilizoshinda ndo hizi nne tulizonazo na zilizobaki zikachomwa moto. Mimi mwenyewe niliiamini miaka mingi tu. Na Wakristo wengi wanaikubali, mtu akibanwa anajibu sawa walipiga kura lakini waliongozwa na Roho Mtakatifu, yani anatetea kitu ambacho hakikutokea.

Mkutano wenyewe ulikuwepo kweli. Nikea leo inaitwa Iznik, ipo Uturuki, na kilichowapeleka kule kilikuwa hasa ugomvi wa Arius, padre wa Alexandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa na kwamba kabla ya hapo hakuwepo, halafu na suala la tarehe ya Pasaka. Wakatoka na kanuni ya imani na sheria 20 za kanisa, na hizo sheria zipo mpaka leo, unazisoma zote kwa kikao kimoja tu. Ya kwanza inahusu makleri (yani mapadre na watumishi wa kanisa) waliojihasi wenyewe. Ya 17 inawakataza makleri kukopesha kwa riba. Ya 20 inasema siku ya Jumapili watu wasali wamesimama, wasipige magoti. Nilizipitia moja moja nikitafuta orodha ya vitabu na hakuna, hata sheria moja haigusi vitabu gani viwe Biblia.

Basi hadithi imetoka wapi? Kuna maandishi ya Kigiriki ya karne ya 9 yaliyokusanya habari za mitaguso (mikutano ya maaskofu), yani zaidi ya miaka 500 baada ya mkutano wenyewe, ndo yanasimulia kwamba vitabu vyote viliwekwa kanisani kwenye meza takatifu, maaskofu wakaomba, vya kweli vikakutwa juu na vya uongo vikabaki chini. Karne ya 18 Voltaire wa Ufaransa akaidaka akaisambaza na toka hapo haijalala. Lakini niseme na upande wa pili, Jerome aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini anagusia mahali fulani kwamba inasomeka Nikea walikihesabu kitabu cha Yudithi kati ya maandiko matakatifu. Hicho ni kitabu kimoja tena cha Agano la Kale, orodha ya injili haipo hapo. Na Konstantino kweli aliagiza nakala 50 za maandiko kwa ajili ya makanisa ya mji wake mpya wa Constantinople, hiyo ilikuwa miaka kadhaa baada ya Nikea na barua yake aliyomwandikia Askofu Eusebius ipo, ila anachoongelea ni ngozi nzuri, waandishi hodari na magari ya kukokotwa ya kusafirishia. Vitabu vipi viingie hasemi.

Sasa ili uelewe vilipatikanaje inabidi kwanza uondoe kichwani ile picha ya Biblia kama kitabu kimoja chenye jalada jeusi, kwa sababu kwa karne nne za mwanzo kitu kama hicho karibu hakikuwepo. Kulikuwa na barua za Paulo, kulikuwa na injili, kila kitu kinazunguka kivyake, kanisa hili lina hiki na lile lina kile. Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, ambao wataalamu wengi wanauweka kama mwaka 50, unaishia na agizo la kiapo kwamba usomwe kwa ndugu wote. Na kwenye Wakolosai wanaambiwa wakimaliza kuusoma waraka wao upelekwe Laodikia na wao wausome ule wa Laodikia. Hapo ndo mwanzo wake: barua inasomwa kwa sauti kanisani, inanakiliwa, inapelekwa jirani.

Na kuna siku moja ambayo tunaweza kuiona hali hiyo kwa macho kabisa. Februari 303 Mfalme Diocletian alitoa amri makanisa yabomolewe na maandiko yachomwe. Tarehe 19 Mei mwaka huohuo, mji wa Cirta, hapohapo Afrika, Algeria ya leo, meya aliingia kwenye nyumba waliyokuwa wanasalia Wakristo akiwa na karani anayeandika kila kinachotamkwa, na maandishi hayo yamebaki. Wakaorodhesha vikombe 2 vya dhahabu, vikombe 6 vya fedha, kanzu 82 za kike, jozi 47 za viatu vya kike, inaonekana ni vitu vya kuwagawia maskini. Makabati ya vitabu yakakutwa matupu. Shemasi mdogo mmoja akatoa kitabu kimoja kikubwa sana, wakaulizwa vingine viko wapi, wakajibu viko kwa wasomaji, yani wale wanaosoma maandiko kwa sauti kanisani. Wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Msomaji wa kwanza akatoa vinne, mwingine vitano, mwingine vinane, na kwenye nyumba moja mume hayupo, mke wake akatoa sita.

Hebu fikiria hapo kidogo. Hii ni miaka 22 kabla ya Nikea na maandiko yamesambaa kwenye nyumba za watu wa kawaida, na kila nyumba inatakiwa iamue saa ileile kitabu kipi ni cha kufichwa hata kwa kifo na kipi unaweza kumpa askari. Waliotoa walikuja kuitwa wasaliti na kanisa la Afrika likapasuka kwa ugomvi huohuo. (Cirta baadaye ukapewa jina la Konstantino, na mpaka leo unaitwa Constantine.)

Injili nne nazo zilishatulia zamani. Irenaeus, askofu wa Lyon, kama mwaka 180 anazitaja kwa majina, Mathayo, Marko, Luka na Yohana, na anasisitiza ni nne, hazipungui wala haziongezeki. Kwamba anasisitiza hivyo inaonyesha kuna waliokuwa wanabisha, mfano Marcion, tajiri wa meli kutoka Sinope, yeye alibaki na Luka peke yake tena aliyempunguza, na barua 10 za Paulo. Halafu kuna kisa cha Serapion, askofu wa Antiokia, ninachokipenda sana. Waumini wa mji wa Rhossus walimuuliza kama wanaruhusiwa kusoma Injili ya Petro, akawaambia someni tu, baadaye akaipata mwenyewe akaisoma, akaona mengi ni sawa lakini kuna mambo yameongezwa, akawaandikia kuwatahadharisha. Hapakuwa na kura, ni askofu mmoja kasoma kitabu na kubadili mawazo.

Kilichobaki kubishaniwa ni vile vya pembeni. Eusebius, aliyekuwa Nikea mwenyewe, aliandika kwamba Yakobo, Yuda, 2 Petro na 2 na 3 Yohana vinabishaniwa, na Ufunuo hakujua auweke wapi. Miaka kama 25 baada ya Nikea, Cyril wa Yerusalemu anawafundisha wanafunzi wake orodha ya vitabu na Ufunuo haumo. Kama Nikea ilishaamua, angethubutu vipi? Orodha ya kwanza inayofanana kabisa na vitabu vyetu 27 ni ya mwaka 367, kwenye barua ya Athanasius wa Alexandria ya kutangaza tarehe ya Pasaka. Huyu alikuwepo Nikea akiwa shemasi kijana, lakini haandiki kwamba mtaguso uliamua, anasema ni vitabu vilivyopokewa na kuaminiwa kuwa vya Mungu. Baadaye mikutano ya maaskofu ya Hippo mwaka 393 na Carthage 397, Afrika tena, ikaipitisha orodha hiyohiyo.

Na bado haikuwa mwisho. Kodeksi ya Sinai, moja ya Biblia za kale kuliko zote, ya karne hiyohiyo ya 4, mwishoni ina Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Hermas, vitabu ambavyo kwenye Biblia zetu havimo. Biblia ya zamani ya Kisiria ilikuwa na vitabu 22 tu vya Agano Jipya. Na hapa jirani zetu Ethiopia, Kanisa la Tewahedo linahesabu vitabu 81 kwenye Biblia nzima, kikiwemo cha Henoko. Fungua Yuda aya ya 14 uone anamnukuu nani, halafu tafuta hayo maneno kwenye Agano la Kale la Biblia yako ya Kiswahili. Hutayapata, ila Mhabeshi anayo kwenye yake.