Kidonda sehemu za siri: majibu ya "hakuna" yasikudanganye

Kidonda cha sehemu za siri si cha kutambuliwa kwa macho tu. Darasani tulifundishwa kwamba cha kaswende hakiumi na kingo zake ni ngumu, cha pangusa (chancroid) kinauma na kina usaha, cha herpesi huanza kwa malengelenge madogo yaliyosongamana. Sawa, ila wagonjwa hawakukaa darasa lile. Wengine wana magonjwa mawili kwa mpigo, na wengine wameshamwagia kidonda unga wa kapsuli kabla hawajatufikia sisi wa maabara. Tafadhali acheni hiyo ya kapsuli, inatufutia ushahidi.

Majimaji ya kidonda yakipimwa kwa PCR, mashine inayonakili vinasaba ili vionekane, huonyesha vinasaba vya kirusi cha herpesi au vya bakteria wa kaswende, lakini mashine hiyo haipo kila maabara. Bakteria wa pangusa ndiye msumbufu: kumuotesha kunataka chakula maalumu na joto la nyuzi 33 hivi, na bado mara nyingi hugoma kuota.

Kwa hiyo wengi mtatolewa damu kutafuta kaswende. Kwa kipimo kimoja cha damu hiyo, RPR, tunadondosha seramu (majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake) kwenye duara la kadi nyeupe, tunaongeza tone lenye chembe za mkaa, kisha kadi inazungushwa dakika 8. Duara likibaki kijivu sawasawa, hatujaona kitu. Chembe zikishikana vibonge vyeusi, kingamwili (askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya ugonjwa) zipo, nasi tunazimua seramu mara mbilimbili kuona zinashikana hadi wapi: 1:8, 1:16, 1:32; namba ya pili ikiwa kubwa, kingamwili ni nyingi.

Hapo ndipo watu hujikwaa. Kidonda cha kaswende hutokea takriban wiki 3 baada ya kuambukizwa, na kingamwili zinaweza kuchelewa wiki kadhaa zaidi. Ukipimwa kidonda kikiwa kibichi, kadi yaweza kubaki kijivu huku ugonjwa unao. Kisha kidonda kinapona chenyewe bila dawa, nawe unaamini maabara ilisema kweli. Ndiyo sababu daktari anaweza kukuanzishia tiba siku hiyohiyo, akakupima na VVU, na kukupa tarehe ya kurudi.

Kipimo cha haraka cha kaswende, kile cha tone la damu la kidoleni kinachotoa mstari, kwa watu wengi hubaki chanya maisha yote hata baada ya kupona. Usigombane na mwenzako kwa mstari huo. Kinachotuonyesha kama dawa imefanya kazi ni RPR, ikishuka kwa miezi, mathalani kutoka 1:32 hadi 1:8. Ukirudi, njoo na karatasi yenye namba ya kwanza.