Merikebu za 1492 zilikuwa ndogo kuliko tunavyozichora

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba merikebu za Wazungu waliovuka bahari enzi za uvumbuzi zilikuwa majumba yanayoelea, yenye safu juu ya safu za mizinga. Imani hiyo ina chanzo: picha nyingi za vitabuni zilichorwa karne kadhaa baadaye. Ukiona picha, tafuta kwanza mwaka iliyochorwa.

Zile tatu za Christopher Columbus zilizotoka Hispania mwaka 1492 zilibeba watu wapatao 90 kwa jumla. Kubwa yao, Santa María, hukadiriwa kuwa na urefu wa mita 20 na ushei tu. Baharia wa kawaida hakuwa na chumba. Alijilaza kwenye mbao za sitaha, popote palipokauka.

Kuona ukubwa wa Santa María, nenda uwanjani uhesabu hatua ndefu 25, kisha 7 kwa upana. Wasimamishe hapo watu 40, uwaongezee mapipa ya maji, kuni, na chakula cha miezi. Ndipo utaona ujasiri wao.

Na ukisoma kwamba merikebu ilikuwa ya “tani 100”, usifikirie uzito: wakati huo tani zilihesabiwa kwa mapipa ya divai yanayoweza kuingia ngamani, yaani sehemu ya chini ya merikebu inayowekwa mizigo.