Vijiti mia nne na viwili

Muhula uliopita nilimpokea mvulana wa gredi ya nne aliyehamia shuleni kwetu, hapa Kisumu upande wa kuelekea Dunga, akiwa na daftari la Hisabati lililojaa alama za vema. Nilimwandikia hesabu moja tu: 402 kutoa 178. Hakukawia. Aliandika 376, akaweka kalamu chini, akaniangalia kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Jibu sahihi ni 224, lakini mtoto huyu hakubahatisha. Alitazama kila safu peke yake na kutoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi ilikuwa juu na ipi chini: 4 na 1 zikampa 3, 0 na 7 zikampa 7, 2 na 8 zikampa 6. Walimu wa Hisabati wanalijua sana kosa hili, nalo lina mantiki yake. Mtoto ameambiwa tangu gredi ya kwanza kwamba hawezi kutoa kikubwa kwenye kidogo, naye ametii. Ukimwekea alama ya kosa na kumwandikia jibu kwa wino mwekundu, hutakuwa umegusa mahali anapokosea, kwa maana yeye haoni mia nne na mbili hata kidogo. Anaona tarakimu tatu zilizopangwa kama watu watatu wasiojuana kwenye foleni.

Kwa sababu hiyo, katika shule yetu ya watoto 31, kila anayeingia hukaa na mwalimu mmoja kwa dakika ishirini hivi kabla hajapangiwa kikundi. Hatumpi mtihani. Tunampa kazi chache na kumwambia, "Nionyeshe ulivyofanya," kisha tunanyamaza na kutazama mikono yake. Anachotueleza mtoto kwa mdomo mara nyingi ni kile alichokariri, ilhali mikono yake hutuonyesha anachokielewa.

Nilimletea mvulana yule kikapu cha vijiti. Vijiti vyetu ni vya kawaida, vimekatwa kwa urefu wa kidole. Kumi hufungwa kwa raba viwe kifungu, na vifungu kumi hufungwa pamoja kwa kamba ya mkonge viwe fungu moja la mia. Alipanga mezani mafungu manne makubwa na vijiti viwili, akaacha nafasi tupu katikati kama nilivyomwomba. Nikamwambia atoe 178, aanze na vile vinane. Aliangalia vijiti viwili. Aliangalia ile nafasi tupu. Akagusa kamba ya fungu la mia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, naweza kufungua?"

Nilimjibu kwamba vijiti ni vyake. Alifungua kamba, vifungu kumi vikasambaa mezani, akavihesabu mara mbili. Akachukua kimoja, akakitoa raba, akavichanganya vijiti vyake kumi na vile viwili. Sasa alikuwa na mafungu makubwa matatu, vifungu tisa, na vijiti kumi na viwili. Hakuna kilichoongezeka wala kupungua mezani, na hilo aliliona kwa macho yake. Alipotoa vinane, kisha vifungu saba, kisha fungu moja, vikabaki 224. Akarudi kwenye daftari, akaitazama 376 kwa muda, akaifuta mwenyewe.

Katika madarasa mengi hatua hiyo huitwa kukopa. Mimi nimeacha kulitumia neno hilo, kwa kuwa mtoto anayekua katika nyumba ya mfanyabiashara anajua kwamba aliyekopa sharti alipe, na nimewahi kuulizwa na watoto zaidi ya mmoja deni hilo hulipwa lini. Tunasema kufungua. Unafungua mia upate makumi, unafungua kumi upate mamoja.

Lugha ina nafasi kubwa katika jambo hili kuliko tunavyodhani. Wengi wa watoto wetu huzungumza Kijaluo nyumbani, na hesabu ya Kijaluo hubeba thamani ya nafasi waziwazi: kumi ni *apar*, kumi na moja ni *apar gachiel*, ishirini ni *piero ariyo*, yaani makumi mawili, na arobaini ni *piero ang'wen*, makumi manne. Kiswahili nacho kiko wazi kwenye kumi na moja na kumi na mbili, lakini kikifika ishirini, thelathini na arobaini kinatumia maneno yenye asili ya Kiarabu ambamo mtoto hawezi kuzisikia mbili, tatu wala nne. Kisha kuanzia gredi ya nne mafunzo huendeshwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto anaposhika vifungu vinne namtaka aseme kwanza *piero ang'wen*, halafu makumi manne, halafu arobaini, na mwishowe neno la Kiingereza. Mtoto wa Kiluhya au wa Kikalenjin namwomba atuletee hesabu ya kwao, tuichunguze pamoja.

Lazima nikiri kwamba kwa miaka mingi nilivitumia vifaa kwa njia isiyofaa. Nilipoanza kazi niliamini kwamba mtoto akishika maharagwe na vizibo vya soda, uelewa utamjia wenyewe. Niliwaacha watoto wahesabu maharagwe moja moja mwaka mzima, na mwisho wa mwaka hawakuweza kutoa 9 kwenye 15 mpaka wapewe maharagwe. Kifaa hakifundishi chenyewe. Shanga za Maria Montessori, mtaalamu wa elimu wa Italia aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mjini Roma mwaka 1907, zimeunganishwa kumi kumi kwa sababu maalumu: mkono ujifunze kwamba kumi ni kitu kimoja. Maharagwe yaliyotawanyika hayasemi hivyo. Naye mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner alieleza katika miaka ya 1960 kwamba ujuzi huingia kwa njia ya tendo, kwa njia ya picha, na kwa njia ya alama. Mimi nilikuwa nikiwaruhusu wabaki kwenye tendo, kisha nawarusha moja kwa moja kwenye alama, bila picha katikati.

Siku hizi, mtoto akishafungua mafungu kwa wepesi mara kadhaa, navirudisha vijiti kikapuni na kumwomba achore: mraba kwa mia, mstari kwa kumi, nukta kwa moja. Anakata mraba na kuchora mistari kumi mahali pake. Baada ya siku chache picha nayo inaondoka. Kujua siku ya kuondoa kifaa ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na haiwezi kuwa siku moja kwa darasa zima. Kwa hiyo kila mtoto ana kadi yake ambamo mwalimu huandika, kwa sentensi moja au mbili, alichokiona mikononi mwake siku hiyo. Vikundi tunavipanga upya kila wiki mbili kwa kufuata kadi hizo, hata ikiwa mtoto wa gredi ya tano atakaa na wa gredi ya tatu kwenye kutoa, na wa tatu akae na wa tano kwenye kusoma.

Kwenye kusoma mambo ni tofauti kidogo. Tahajia ya Kiswahili ni rafiki wa mtoto, kwa kuwa herufi hazimgeuki, na anayezijua silabi anaweza kusoma neno lolote. Tatizo letu hapa ni sikio. Kijaluo hakina sauti ya *sh* wala ya *z*, hivyo mtoto huandika "samba" akimaanisha shamba, na mwalimu mwenye haraka humhesabu kuwa mzembe. Mimi humpa kioo kidogo. Atamke *sa*, aone midomo ilivyotanuka. Atamke *sha*, aone inavyosogea mbele. Halafu namwekea kadi za maneno mezani, nami nayataja huku nimeuziba mdomo wangu kwa daftari, naye anachagua kati ya soka na shoka, saba na shaba. Wengine huchukua siku tatu, wengine mwezi.

Sehemu za namba, kama nusu na robo, nazo hufundishwa kwa utepe wa karatasi wa sentimita 24. Mtoto anakunja nusu akapata 12, akakunja tena akapata robo ya sentimita 6, akakunja tena akapata thumuni ya sentimita 3. Mtoto aliyeshikilia kwamba thumuni ni kubwa kuliko robo, kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 4, huweka vipande viwili sambamba na kunyamaza.

Wazazi huja na swali la haki kabisa. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona daftari la mtoto halina kazi, na mtihani wa gredi ya sita unakuja?" Tathmini hiyo ya kitaifa, iliyoanza kufanywa mwaka 2022 chini ya mtaala wa umilisi, haina vijiti, na watoto wetu wataikalia kama wengine. Nilimwomba aketi kando ya bintiye, amwandikie hesabu yoyote ya kutoa. Binti alichora picha yake, akafikia jibu, kisha akamweleza mama yake kwa Kijaluo alichofungua na kwa nini. Nilimweleza mama kwamba kazi za daftari zitakuja kwa wingi katika muhula wa pili, na kwamba asipoziona aje aniulize tena.

Yule mvulana wa 376 nilimpa 1,000 kutoa 463 baada ya wiki tatu, bila vijiti wala picha. Aliandika polepole. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wake wa kushoto vilikuwa vikisogea juu ya meza kama vinavyolegeza fundo la kamba, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaandika 537. Tumeanza kugawanya sasa, na ameomba kikapu kirudishwe.